Mkono wa Breki Unaorudi Polepole

Kituo cha Chini
Alhamisi, tarehe 3, mwezi wa nne

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usiniambie "mzima", hilo nimeshalizoea. Niambie kama unapanda ngazi bila kushika ukuta.

Nakuandikia chumbani kwangu nyuma ya posta. Bi Muhuri yuko upande wa pili anagonga mihuri, na kila akigonga meza yangu inaruka. Yule mama angepewa mkate angeugonga muhuri kabla ya kuula. Simu huku mlimani kote, juu na chini, bado ni saa tu ya kutazamia muda; mnara ulipigwa na radi na mafundi wao kila siku "wako njiani". Kwa hiyo ni karatasi, kama enzi zako.

Nina ombi. Nataka breki za mafuta. Hizi za waya zimenichosha. Unajua mwenyewe kazi ilivyo: Jumatatu na Alhamisi napanda asubuhi nikisukuma baiskeli, lori linaleta mfuko wa barua Kituo cha Juu, mchana nashuka nao huku. Mfuko kilo kumi na nane mgongoni, na mkono unakufa ganzi kabla ya nusu ya mlima. Mvua ikinyesha breki zinalia tu, hazishiki. Halafu kila nikizishika nakumbuka waya wako ulivyokatika. Najua hupendi nilitaje hilo, lakini miezi minane sasa napita ile kona ya ukuta ulipoangukia, na kila nikiuona ukuta nauona waya.

Tena kuna mkaguzi. Ameandika kwamba njia hii ishukwe kwa saa moja, na mwezi ujao atakuja mwenyewe na saa yake mkononi. Nikishindwa, njia anapewa mtu mwingine. Wewe ulishuka kwa dakika arobaini na tano, miaka ishirini na saba, na watu wa huku hawajaacha kusimulia. Sitaki kuwa mtoto wako aliyeshindwa.

Je, baiskeli yangu itazikubali?

Mwanao,
tarishi wa mlimani


Karakana
Jumanne, tarehe 8, mwezi wa nne

Binti yangu,

Marahaba. Mguu mzima.

Breki za mafuta si kofia, useme utavaa ya yeyote. Kabla sijanunua hata skrubu moja, chukua rula unipimie. Uma wa mbele una matundu mawili ya kushikia breki: kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine ni milimita ngapi? Nyuma vilevile. Wakati mwingine mbele na nyuma havifanani, na hapo ndipo wajuaji wanapoaibika. Sahani ya breki, lile duara la chuma linalobanwa na pedi, ina upana gani, na imefungwa kwa skrubu sita au kwa nati moja kubwa? Isugue uone imepigwa chapa gani, maana kuna sahani zisizotaka pedi za chuma, zinaliwa kama sabuni. Mkono wa gia umeungana na wa breki, au kila mmoja kivyake? Kama vimeungana, ukitoa breki umetoa na gia. Na breki ya mbele unaishika kwa mkono gani? Usiniambie "wa kawaida". Mtu akigeuziwa mikono, siku ya hatari atashika ya mbele akidhani ya nyuma, na atapita juu ya usukani.

Mwisho, nipimie kwa uzi kutoka usukani hadi kwenye sahani, mbele na nyuma, usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho. Hilo ndilo litakuwa paipu.

Niandikie tarakimu kubwa. Kubwa kabisa. Mwandiko wako siku hizi kama sisimizi wanahama.

Mambo ya waya tuyaache. Ulikatika, basi.

Baba yako


Kituo cha Chini
Ijumaa, tarehe 11, mwezi wa nne

Baba,

Shikamoo. Tarakimu hizo hapo, kubwa kama za duka la nyama:

MBELE 74. NYUMA 51.

Sahani zote mbili 160, skrubu sita. Chapa inasema pedi laini tu. Gia kivyake, breki kivyake. Ya mbele naishika kwa kulia, kama wewe ulivyonifundisha uwanjani kwetu. Uzi wa mbele sentimita 85, wa nyuma 150. Nimepima mara tatu, na Bi Muhuri ameshuhudia. Alitaka kuugonga muhuri uzi.

Baba, zifanyie haraka.

Mwanao


Karakana
Jumatano, tarehe 16, mwezi wa nne

Binti yangu,

Kifurushi hicho. Soma kwanza, ndipo ufungue.

Nyuma 51 haiingii moja kwa moja, kwa hiyo nimetia kipande cha kuungia. Kinakaa kati ya fremu na kibanio chenye pedi, upande wenye alama ya rangi uelekee juu. Mbele haihitaji kitu. Pedi ni laini kama sahani zako zinavyotaka.

Paipu nimezikata kwa uzi wako, nimetia mafuta, nimetoa upepo mpaka povu lote likaisha. Kopo jipya, nimelifungua mwenyewe. Kwa hiyo wewe hufungui paipu, unafunga tu. Kati ya pedi kuna kadi ngumu: usiibonyeze breki kabla ya kutoa kadi na kuingiza sahani, maana pedi zitakutana na hutaweza kuzitenganisha bila mimi. Sahani ifute kwa spiriti na usiiguse kwa vidole. Skrubu za kibanio kaza nusu, bonyeza mkono wa breki uushikilie, ndipo ukaze kabisa. Kitajipanga chenyewe katikati.

Yule jirani yangu fundi cherehani alinisaidia kuingiza skrubu ndogo. Si kwamba sikuweza. Vidole vyake ni vyembamba, basi.

Usishuke nazo mlima siku ya kwanza. Zungusha uwanjani kwanza, ukifunga na kuachia mara thelathini, pedi ziizoee sahani.

Baba yako


Kituo cha Chini
Ijumaa, tarehe 25, mwezi wa nne

Baba,

Shikamoo, na mikono yako nayo shikamoo. Zinashika. Kidole kimoja tu, na baiskeli inasimama kama imeitwa jina. Kila kitu kimeingia pale ulipoandika kitaingia. Uwanjani nilifunga na kuachia mara thelathini, watoto wa shule wakihesabu.

Jana nimeshuka kwa dakika hamsini na tano. Kona ya ukuta nimeipita bila kuitazama.

Ila na wewe, mwandiko wako umenenepa. Mstari wa tatu umepanda mgongoni kwa wa pili. Umeanza kuandikia gizani ili usiwashe taa?

Ukipata viatu vya raba vyenye soli nene, namba yangu ileile, nitumie. Hivi vimekwisha.

Mwanao


Karakana
Jumatano, tarehe 30, mwezi wa nne

Binti yangu,

Dakika hamsini na tano. Nimewaambia mtaa mzima, na wasiotaka kusikia nimewaambia mara mbili. Fundi cherehani amenisomea barua yako kwa sauti mbele ya wateja wake. Nilikuwa na mikono ya grisi.

Sasa kazi. Mlima ule unakula pedi. Kila wiki mbili zitoe, upime unene wake, uniandikie. Zikiwa mpya ni milimita nne. Na uniambie mkono wa breki ukiuachia unarudi vipi, upesi au vingine.

Viatu nimetuma. Lakini nieleze: mtu aliyekaa kwenye tandiko anamaliza vipi soli?

Baba yako


Kituo cha Chini
Jumamosi, tarehe 10, mwezi wa tano

Baba,

Shikamoo. Viatu vimenikaa sawasawa. Soli zinakwisha kwa kupanda, Baba. Umesahau kwamba baiskeli haijisukumi?

Nimetoa pedi nikazipima. MILIMITA NNE. Zote. Kama siku ulipozituma. Umenunua pedi za milele.

Mkono wa mbele siku hizi umekuwa mgumu kidogo, na nikiuachia unarudi polepole, kama mtu aliyeamshwa mapema. Wa nyuma naona umeanza kuufuata. Nadhani ni baridi.

Mkaguzi anakuja Alhamisi hii, tarehe 15. Atapanda na lori, na pikipiki yake itakuwa nyuma kwenye bodi. Lori likifika tu anaanza kuhesabu, kisha anafuata nyuma yangu mpaka chini. Sina wasiwasi. Nitashuka kama mtoto wako.

Mwanao


Karakana
Jumatano, tarehe 14, mwezi wa tano, asubuhi

Binti yangu,

Usiipande. Ukisoma hapa usisome mbele, iweke baiskeli ukutani, ndipo uendelee.

Pedi zimeshuka mlima ule wiki tatu na hazijapungua hata unywele. Hilo haliwezekani, isipokuwa haziibani sahani inavyotakiwa. Na mkono unaorudi polepole si baridi. Ndani ya breki kuna mipira midogo inayozuia mafuta. Ikinywa mafuta yasiyo yake inavimba, ndipo mkono unakuwa mgumu. Ikishavimba inachanika. Siku itakapochanika utabonyeza, na mkono utakwenda mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu. Haitakupa ishara ya pili. Ishara ndiyo hiyo umeniandikia.

Nilipoisikia barua yako nilikwenda kwenye rafu. Nina makopo mawili yanayofanana umbo: moja mafuta ya breki za baiskeli, jingine ya breki za magari, namwekea rafiki yangu wa gereji. Kopo la baiskeli nimelipapasa kifuniko. Pete yake haijakatwa. Halijafunguliwa tangu litoke kiwandani. La magari limepungua.

Ni mimi niliyekutilia. Sijui nilichanganya vipi.

Mwambie mkaguzi baiskeli ni mbovu. Mwambie chochote. Usishuke.

Baba yako


Karakana
Jumatano, tarehe 14, mwezi wa tano, alasiri

Kwa Karani wa Kituo cha Juu,
kwa mkono wa dereva wa lori

Bwana Karani,

Mimi ni tarishi wa zamani wa njia yako, baba wa huyu wa sasa. Nakuomba usome upesi.

Asubuhi nimetia posta barua ya kumwambia binti yangu asipande baiskeli yake, breki zitamwachia. Nimerudi nyumbani, nimechemsha chai, kikombe kiko mdomoni ndipo nilipokumbuka. Barua zake zinakwenda ndani ya mfuko. Mfuko una lakiri, na lakiri haivunjwi mpaka Kituo cha Chini, mbele ya Bi Muhuri. Barua yangu ya kumzuia asishuke itashuka naye, mgongoni mwake.

Miaka ishirini na saba nimeubeba mfuko ule, halafu nasahau hilo.

Nilirudi posta mbio, kama mguu wangu unavyojua mbio. Mfuko ulikuwa umeshafungwa. Niliwasihi waufungue. Walikataa, na wana haki, hata mimi ningekataa. Ningepanda lori mwenyewe, lakini kiti cha pembeni mwa dereva ni cha mkaguzi, na nyuma wanabeba mizigo tu.

Barua hii iko nje ya mfuko. Mpe binti yangu kabla hajagusa usukani. Asiposikia, toa upepo kwenye magurudumu yote mawili. Nitalipia lawama zote.

Fundi baiskeli


Kituo cha Juu
Alhamisi, tarehe 15, mwezi wa tano

Kwa Mzee Fundi,

Nakuandikia haraka, dereva anawasha lori kurudi huko.

Lori lilifika saa saba na robo. Mkaguzi alishuka saa ikiwa tayari mkononi. Pikipiki iliteremshwa, mfuko ukateremshwa, nikasaini, binti yako akauvaa. Alikuwa amekunja uso. Dereva alikuwa akifungua kamba za mizigo na barua yako ameitia mfukoni. Aliponipa, binti yako alikuwa amekwisha pita geti, na mkaguzi nyuma yake.

Niliisoma nikakimbia. Mimi si mtu wa kukimbia, Mzee, lakini nilikimbia mpaka kona ya kwanza nikiita. Ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wangu sikuuona vizuri. Nilisikia pikipiki ikinguruma chini, kisha ikazimika ghafla. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Siwezi kuacha ofisi peke yake, na hakuna mwingine wa kushuka leo. Habari kutoka chini zitapanda Jumatatu, atakayekuja kuchukua mfuko ndiye atakayezileta.

Nasikitika sana.

Karani


Karakana
Jumamosi, tarehe 17, mwezi wa tano

Binti yangu,

Sijui naandikia nani. Naandika kama uko. Barua hii itapanda Jumatatu, na mpaka hapo sina pa kwenda wala wa kumuuliza. Jana nimefungua karakana nikakaa mlangoni. Mteja kaja na baiskeli, nikamwambia aende kwingine. Sikutaka kugusa breki ya mtoto wa mtu.

Pikipiki ilizimika ghafla. Nimeligeuza neno hilo tangu Ijumaa. Mtu anazima pikipiki njiani kwa sababu ameona kitu. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kukuandikia neno hili, na leo naliandika kwa sababu hakuna jingine ndani yangu.

Nitakwambia nililoficha, na kama hutalisoma basi nitakuwa nimelisema.

Sioni. Si kwamba sioni kabisa. Katikati pana doa, na pembeni ndiko kuna mwanga. Barua zako ananisomea fundi cherehani. Grisi ya mikono ilikuwa uongo. Skrubu ndogo alizitia yeye kwa sababu mimi sikuziona. Mafuta nilitaka kuyatia mwenyewe, angalau hayo, nikachukua kopo kwa umbo lake, na lebo sikuweza kuisoma. Ningemwita yeye asome. Hatua kumi kutoka kwangu. Niliona haya.

Na waya haukukatika.

Ile siku ya kona ya ukuta mkaguzi wa wakati ule alikuwa chini ananisubiri na saa, na mimi nilijua kwa wiki kadhaa kwamba kona ninaiona nimeshachelewa. Breki zilikuwa nzima. Sikuzishika kwa sababu sikuuona ukuta. Nilipoanguka nilikaa pale, mguu umegeukia nyuma, nikafungua mkoba wa vifaa, nikatoa koleo, nikaukata waya mwenyewe. Nilitaka wapate kitu cha kulaumu, wasije wakauliza macho. Nilikuwa nalia kwa maumivu na bado nikaukata vizuri, mbali na ncha, uonekane umechoka.

Ukaupokea uongo ule pamoja na njia. Ukaogopa waya ambao haukuwa na kosa, ukaniomba za mafuta, na mimi kipofu nikakutumia.

Ukiwa uko, niandikie neno moja tu. Usinisamehe kwanza. Niandikie tu.

Baba yako


Kituo cha Chini
Jumapili, tarehe 18, mwezi wa tano

Baba,

Niko hai. Naliweka mbele ya salamu kwa sababu najua umekaaje. Niko mzima, sina hata mchubuko. Sikuandika mapema kwa sababu barua isingepanda kabla ya kesho.

Sasa nikuambie ukweli, hata ukinichukia.

Baba, sijawahi kuushuka ule mlima kwa baiskeli. Hata mara moja. Miezi tisa sasa. Wiki ya kwanza nilipanda tandiko, nikafika kona ya kwanza, nikaona bonde lote chini ya miguu yangu. Nikashuka nikatembea. Tangu hapo natembea, usukani mkononi, saa tatu na zaidi. Ndiyo maana soli zinakwisha. Bi Muhuri anajua, na kwenye kitabu ananiandikia saa anayoiona inafaa. Dakika hamsini na tano nilizitunga, na Bi Muhuri alisema hamsini tu zitaonekana ni majivuno.

Nilidhani ni breki. Nilidhani nikipata breki zako za mafuta woga utakwisha. Zilikuja, na uwanjani zilishika kweli, na mlimani miguu ikakataa vilevile. Ndiyo maana pedi hazikuliwa. Sikuzitumia. Ulikuwa unapima uongo wangu, na bado ukapata jibu sahihi.

Alhamisi nilikata shauri. Nilisema leo nitashuka, kufa kupona, mkaguzi asiuone woga wangu. Karani akasaini, nikavaa mfuko, nikapanda tandiko, nikapita geti. Ukungu. Pikipiki nyuma yangu. Nikaiacha baiskeli iende, hatua mia labda, upepo ukaanza kunipiga masikioni, na hapo kona ya kwanza ikaja na mwili wote ukakataa. Sikufunga breki. Niliburuza miguu chini, viatu vyako vipya, mpaka ikasimama kwenye majani. Mkaguzi akazima pikipiki. Akasema, "Saa inakwenda." Nikamwambia, "Naogopa." Baba, sijawahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Nilidhani ardhi itanimeza. Akanitazama, akatazama chini kwenye ukungu. Nikaanza kutembea. Baada ya muda nikasikia nyuma yangu matairi yanaburuzwa: alikuwa anaisukuma pikipiki yake kwa mikono. Mpaka chini hakuiwasha.

Tumefika saa kumi na nusu. Bi Muhuri akavunja lakiri, akapanga barua, akanipa yako. Nikaisoma nimesimama kaunta. Nilitoka nje, baiskeli iko ukutani, nikabonyeza mkono wa mbele. Ulishika kidogo. Nikabonyeza kwa nguvu, kama ningebonyeza pale kwenye kona, na ukaenda mpaka kwenye usukani. Bila kukutana na kitu, kama ulivyoandika. Mafuta yakachuruzika juu ya sahani. Wa nyuma ulifuata mara ya tatu. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi na vidole bado vimeushika.

Mkaguzi alikuwa mlangoni anaona. Ameandika kitu kwenye daftari lake na hakunionyesha. Amesema majibu yatakuja kwa barua. Njia huenda imekwenda, Baba.

Sikukasirikii kwa kopo. Nataka tu uniambie jambo moja, maana mimi nimeshindwa kulijua peke yangu: ulifanyaje usiogope miaka ishirini na saba?

Mwanao


Karakana
Jumatano, tarehe 21, mwezi wa tano

Binti yangu,

Anayeandika ni fundi cherehani, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike kila neno na asipambe. Anasema hajawahi kupamba barua, anapamba magauni.

Jana alinisomea yako. Alipofika "niko hai" nilimwambia asimame hapo. Alisimama. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi la gereji mpaka nikaweza kurudi. Halafu akasoma iliyobaki, na sehemu ya mkono ulioenda mpaka kwenye usukani nimemfanya arudie, ingawa nilikuwa nimeshika meza.

Kwa sasa utakuwa umesoma yangu ya Jumamosi, kwa hiyo unajua macho na unajua waya. Unaniuliza nilifanyaje nisiogope. Niliogopa kila siku. Zile dakika arobaini na tano nilizifanya mara mbili ujanani, watu wakazisimulia, nami sikuwakatiza. Siku nyingine zote nilishuka nimebana breki mpaka zinanuka, na kwenye kona ya ukuta niliteremka nikaivuka kwa miguu, kisha nikapanda tena kabla mtu hajaniona. Ile siku ya mkaguzi ndiyo niliyoona haya kuteremka.

Wewe uliteremka mbele yake. Sijui utanirithi kitu gani, lakini hicho hukukipata kwangu.

Kopo la magari nimelirudisha gereji. Rafu yote ameipanga fundi cherehani, amefunga vitambaa: chenye fundo moja cha baiskeli, chenye mafundo mawili kisichonihusu. Breki nyingine sikutumii. Mipira na paipu vyote vitupwe, usijaribu kuosha, mafuta yale hayatoki. Atazichagua yeye dukani, akisoma kila lebo kwa sauti, nami nitasikiliza.

Dereva amekubali kunibeba Jumatatu mpaka Kituo cha Juu, upande unikute hapo. Mkaguzi na saa yake wameshapata zamu yao kwenye kile kiti. Ikiwa siku hiyo bado una mfuko, utauvaa. Ikiwa wamekunyang'anya, tutashuka mikono mitupu. Baiskeli iache chini. Tutatembea, na kwa mguu huu itatuchukua mpaka jioni, nami nitashika bega lako.

Tukifika kona ya ukuta uniambie tumefika, kwa sababu mimi sitaiona.

Baba yako